Chini ya Ngao ya Kijani

Wanafunzi wangu wananiita Geuza. Wanadhani sijui, lakini mwalimu asiyejua jina lake la utani hajafundisha vya kutosha. Jina lilitokana na mitihani. Kila ninapogawa karatasi za jiografia huwa nasema, "Geuzeni, swali la mwisho liko nyuma," na kila mara wapo watatu au wanne wanaofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, wanaweka kalamu chini na kuanza kutazama dari, wamemaliza. Swali lenye alama nyingi kuliko yote linabaki nyuma ya karatasi halijaguswa. Nimewafokea miaka mingi kwa uvivu huo wa mkono. Sasa nakufa kwa kosa hilohilo, na waliolifanya wala si wanafunzi.

Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Huruma nimeletewa hadi nimekosa pa kuiweka, na wengine wakija kunipa pole mimi ndiye ninayewabembeleza. Nataka kueleza habari ya mdogo wangu, na kwa nini nilikaa na siri mdomoni mpaka ikanichubua ulimi.

Mama alipofariki mimi nilikuwa msichana wa kuweza kushika nyumba, yeye alikuwa ndio kwanza anang'oka meno ya mbele. Jioni tuliyotoka kuzika alifunga mlango kwa komeo, akalala, akaamka kuhakikisha kama umefungwa, akalala, akaamka tena. Aliendelea hivyo miaka. Tukamwita Komeo, jina likamganda mpaka leo, hata wakubwa zake kazini wanalitumia. Nimemlea mimi, nimembeba mgongoni, nimezipokea ndevu zake za kwanza kwa kicheko, kwa hiyo hofu yake naifahamu kuliko anavyoifahamu mwenyewe. Alisomea kompyuta, akapata kazi iliyomkaa kama nguo ya kupimiwa: kulinda mitambo ya maabara kubwa inayopokea damu na vipande vya nyama kutoka zahanati zote za mji huu, na kurudisha majibu kwa barua pepe. Kinga ni bora kuliko tiba, ndio wimbo wake. Mume wangu alifika mahali akamwambia, shemeji, ukiisema tena methali hiyo ndani ya nyumba yangu utaosha vyombo.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa tangazo. Kila barua iliyotoka maabara ilibandikwa chini yake ngao ndogo ya kijani, kisha mstari, kisha maneno haya: "Ujumbe huu na viambatisho vyake vimekaguliwa dhidi ya virusi na ni salama kufunguliwa." Zikafuata aya mbili za kisheria kwamba kama si wewe uliyekusudiwa usisome, jambo ambalo unaambiwa ukiwa umeshasoma. Halafu yote hayo yakarudiwa kwa lugha nyingine mbili. Ile sentensi ya kwanza niliinyoosha mimi, kwenye meza yangu ya kusahihishia, kwa kalamu nyekundu. Yeye alikuwa ameiandika ikapindapinda, nikamwambia inasikika kama mtu anayekana jambo ambalo hajashtakiwa.

Nakumbuka Jumapili moja baada ya chakula, mume wangu alimkalia kooni. Mume wangu anaitwa Baba Pacha na watu wote, nami Mama Pacha, ingawa hao pacha wenyewe wako shule ya bweni na wanatukumbuka wakiishiwa sabuni. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na utani wake na mdogo wangu haukuwa na mapumziko.

"Shemeji, hebu nieleweshe," alisema. "Hilo tangazo lako linamzuia nani?"

"Halimzuii mtu. Linamwambia mtu kwamba ujumbe umekaguliwa."

"Na mwenye virusi vyake akiamua kuandika maneno hayohayo na kuchora kingao?"

Komeo alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. "Anaweza," alisema.

"Kwa hiyo mwizi avae shati limeandikwa 'mimi siibi', apite?"

"Ukaguzi wenyewe upo, shemeji. Unafanyika kwenye mtambo. Tangazo ni la kuwajulisha tu."

"Mimi nikimaliza geti siandiki juu yake 'geti hili limechomelewa'. Njoo ulisukume, utajua."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Komeo naye alicheka, lakini alikuwa na jibu lake, na alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumzia jambo la aibu. "Watu wanataka kutulia," alisema. "Zamani simu zilikuwa zinalia kutwa. Huyu anaogopa kufungua majibu, yule anauliza kama ni salama. Tangu tuweke ngao hakuna anayepiga. Wanaiona, wanatulia." Nilimtazama nikamwona yule mtoto wa mlangoni, nikamwambia mume wangu aache kumchokoza.

Mwaka huohuo nilipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo, kama punje ya haragwe. Nilikwenda zahanati iliyo nyuma ya shule yetu. Daktari wa pale alikuwa mpole na mwenye haraka, anakuuliza hali huku ameshaandika jibu. Alinichoma ganzi, akatoa vipande viwili, akavituma maabara kwa kina Komeo. Komeo mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuyasoma majibu ya mtu. Yeye halindi maneno, analinda mabomba yanayopitisha maneno, ndivyo alivyozoea kusema.

Nilipoitwa kuchukua majibu, daktari alinisogezea karatasi moja aliyochapiwa na karani. Nikasoma: "Katika kipande kilichopimwa hazikuonekana seli za saratani." Chini kabisa ya ukurasa ilichungulia nusu ya juu ya ile ngao, imechapwa kwa wino mweusi, karatasi ilikuwa imekwisha. Vipande vilitolewa viwili, kikatajwa kimoja. Lakini mtu aliyeambiwa yuko huru habaki mahakamani kuuliza maswali.

"Mama Pacha, nenda kafundishe," daktari alisema, akamwita anayefuata.

Mume wangu alikuwa nje ameegemea ukuta, mikono ina masizi, alitoka kazini bila kunawa. Nilipomwonyesha karatasi alichuchumaa palepale akafunika uso, na watu waliokuwa kwenye foleni wakadhani tumepata msiba. Jioni Komeo alikuja mbio. Aliisoma karatasi, akaipapasa ile nusu ya ngao kwa kidole gumba.

"Imetoka kwetu, Dada," alisema, na sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Nikaihifadhi kabatini, chini ya sahani za wageni.

Ule uvimbe haukuondoka. Ulikaa, ukakua taratibu, na mimi nikauzoea kama mpangaji asiye na makelele. Baba Pacha akisema turudi hospitali, namwambia karatasi imesema. Nafungua kabati, natoa sahani, namwonyesha. Ukapita mwaka. Kisha mgongo ukaanza kuuma, nikalaumu viti vya chumba cha walimu. Siku niliyoshindwa kuinua mkono kuandika ubaoni, wale wanafunzi watukutu wa nyuma ndio walionishika wakanikalisha. Nikapelekwa hospitali kubwa.

Daktari bingwa aliyenipokea alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, hatabasamu bila sababu, nikampenda kwa hilo. Aliangalia picha zangu, akachukua ile karatasi iliyokunjika, akaisoma, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Vilitolewa vipande viwili," alisema. "Majibu ya cha pili yako wapi?"

Niliipokea karatasi, nikaigeuza na mimi.

"Nitakuambia ukweli, Mwalimu. Ugonjwa umefika kwenye mifupa. Tutautuliza. Kuuondoa hatutaweza. Ungeondolewa mwanzoni, titi likatolewa, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Kawaombe zahanati wakutumie ujumbe wenyewe wa maabara, si karatasi."

Nilimpigia karani wa zahanati, akanitumia siku hiyohiyo. Nilikuwa kitandani, simu mkononi, Baba Pacha yuko nje anapiga nyundo. Nikaanza kusoma. Maneno ya juu niliyajua kwa moyo. Ikaja ngao, ya kijani safari hii, nzuri. Ikaja sentensi yangu mwenyewe. Zikaja aya za kisheria, ikaja lugha ya pili, ikaja ya tatu. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi ni Geuza, na kidole changu kiliendelea kushuka kwa mazoea ya kazi.

Chini ya yote hayo palikuwa na mistari miwili: "Nyongeza. Kipande cha pili kimepimwa leo, seli za saratani zimeonekana. Mgonjwa aitwe haraka kwa upasuaji." Kisha jina la daktari wa maabara. Kisha ngao nyingine, na tangazo jingine zima, kwa lugha zote tatu. Habari ya uhai wangu ilikuwa imelala katikati kama sindano kati ya magodoro mawili. Juu yake pameandikwa ni salama, chini yake pameandikwa ni salama. Tarehe ilikuwa ya kesho yake baada ya jibu la kwanza, siku mbili kabla sijaitwa zahanati. Wakati Komeo anaipapasa ile karatasi sebuleni kwangu, ujumbe huu ulikuwa umeshafika.

Kesho yake nilijikongoja hadi zahanati nikiwa na hasira ya kumpiga mtu. Yule daktari mwenye haraka alikuwa amehamishwa. Nikamkuta karani, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, na printa yake imefunikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Nilimwekea simu mbele ya macho. Alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. Kisha akanieleza, na sikuona anaficha kitu.

Daktari wa maabara ni mtu wa zamani. Akiwa na la kuongeza, hajui kuanza barua mpya. Anaujibu ujumbe wake mwenyewe, anashuka hadi chini kabisa na kuandika huko, ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo kwenye zahanati unafika ujumbe wenye kichwa kilekile na maneno yaleyale juu, utadhani ule wa jana umekuja mara ya pili. Na mtandao wao una tabia ya kuleta kitu mara mbili, kila siku inatokea.

"Lakini mlichapa ukurasa mmoja tu," nilisema.

"Ndiyo amri, Mama. Ile ngao ilipoanza, kila jibu likawa linakula karatasi tatu, na mbili ni tangazo tupu. Mkuu akaona tunaharibu karatasi. Akasema chapeni wa kwanza tu, huko nyuma hakuna kitu." Alikinyoosha kile kitambaa cha printa. "Na kweli hakukuwa na kitu. Mimi mwanzoni nilikuwa nasoma mpaka chini. Ukisoma jambo lilelile mara mia, macho yanakataa. Sasa nikiona ngao najua nimemaliza."

Nilitaka alie. Hakulia, alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Nilikwenda pale kutafuta mwovu, nikakuta kila mtu amefanya kazi yake. Daktari wa maabara alipima na kuandika. Karani alitii. Mkuu alibana matumizi. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nisijue hasira yangu niishushe wapi, na hapo ndipo jina la mdogo wangu liliponijia, na nikatamani lisingekuja.

Nilimwambia Baba Pacha usiku huo, kwa sababu mume wangu ukimficha kitu anajua kwa namna unavyokunja shuka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Usiseme hivyo. Hakukusudia."

"Sijasema alikusudia. Mwambie."

"Simwambii. Na wewe humwambii."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, mke wangu."

"Mimi nimeshalia. Amebaki yeye, na ana miaka mingi mbele ya kulia. Atafunga mlango yule, hatatoka tena. Mtu mmoja kufa kwa ajili ya tangazo anatosha."

Aligeukia ukutani. Lakini aliheshimu, na kuanzia hapo Komeo akija yeye huondoka kwenda karakana, hata kama hana kazi. Utani wao ukafa. Komeo aliona, akadhani shemeji yake ameelemewa na ugonjwa wangu.

Alikuwa anakuja kila Jumamosi. Ananiletea dawa, anaziandikia saa za kumeza kwa herufi kubwa, anapanga mito, anakagua dirisha kama lina upepo. Halafu anakaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu na kuuliza swali lilelile. "Tuliwahi, Dada. Tulipima mapema. Karatasi niliiona kwa macho yangu. Inakuwaje?" Namjibu kwamba maradhi hayana adabu. Anatikisa kichwa. Siku moja alianza kusema kinga ni bora, akakatisha katikati, akainama akalia kwenye ukingo wa godoro langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Mimi maradhi nilikuwa nayo hadharani, nilichokuwa nakificha ni yalikopitia, na kilinielemea kuliko mgongo. Kuna nyakati nilimchukia. Nitasema ukweli, kuna alasiri nilimtazama anavyonimenyea chungwa kwa uangalifu wake ule, anaondoa hata nyuzi nyeupe, nikamchukia mpaka nikafumba macho asione.

Ningeweza kufa nayo. Nilikuwa nimeshaamua.

Kisha Jumamosi moja alikuja na kompyuta yake kwapani, na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ya karatasi. Baba Pacha alikuwa bado hajatoka, alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni.

"Dada, nina habari," Komeo alisema kabla hajakaa. "Ofisi kuu ya afya wameipenda ngao. Wanataka iwekwe kwenye barua za maabara zote na hospitali zote. Zote, Dada. Kuanzia mwezi ujao. Na mimi ndiye nitakayesimamia."

"Hongera," nilisema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Ila wanataka maneno yaboreshwe, yaongezwe kidogo, yawe kwa lugha nne." Alifungua kompyuta, akaiweka juu ya mto mapajani mwangu, akatoa mfukoni kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu, kwa kompyuta. Alitabasamu kwa aibu. "Nataka yawe na mkono wako kama yale ya kwanza. Ili yabaki. Kila mtu nchi nzima akipokea majibu yake, awe anamalizia na maneno yako."

Baba Pacha aliacha kamba za viatu. Alinitazama, sikuwahi kutazamwa na mume wangu namna ile, si kwa kunilazimisha, ni kwa kunihurumia. Kisha akatoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole.

Niliyaangalia yale maneno kwenye kioo. Lugha nne. Kurasa nne, au tano. Niliwaona akina karani wote wa nchi nzima na miwani yao, na amri mpya zitakazotolewa na wakuu wao za kubana karatasi. Niliwaona wanawake wakitoka milangoni wameshika ukurasa mmoja, na waume zao wamechuchumaa ukutani wanashukuru. Nilikuwa nimemkinga mtoto mmoja, na watoto wa watu wengine nimewaacha nje. Hakuna aliyenishauri. Nilijua tu kwamba muda wangu wa kumlea umekwisha.

"Sogea," nilimwambia. "Weka kalamu. Chukua simu yangu, usome ujumbe uliofunguka hapo."

Aliipokea. Alisoma huku midomo inacheza, kama alivyokuwa akisoma kitabu cha darasa la kwanza kwenye mapaja yangu. Alipofika kwenye ngao uso wake ulilainika.

"Ni ile ya mwaka juzi," alisema. "Ndiyo hii hii niliyoiona. Iko sawa kabisa, Dada."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Shuka chini."

"Chini ni tangazo tu."

"Najua. Wewe shuka."

Alishuka. Niliona kidole gumba kinapita kwenye lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu, haraka, bila kusoma, na yeye ndiye mwenye tangazo. Kisha kikasimama. Alisoma ile mistari miwili, akarudi juu akatazama tarehe, akashuka tena.

"Walichapa ukurasa wa kwanza," nilisema. "Kwa sababu kurasa nyingine huwa ni ngao tupu."

"Niliiweka mimi."

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

"Muda kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mdogo wangu."

Aliinuka akaenda mlangoni. Nilijua atakachokifanya kabla hajafanya. Alishika komeo, akalisukuma likaingia. Akasimama pale amenipa mgongo, mkono bado uko juu ya chuma ambacho mume wangu alikichomelea. Nilitaka kumwita jina lake halisi, lile alilopewa na Mama, lakini nilikuwa sijalitumia siku nyingi na likanikwama. Alikaa pale mpaka nyundo ya Baba Pacha ilipoanza kusikika kutoka karakana. Kisha akalivuta komeo, akauacha mlango wazi, akarudi kwenye kigoda.

"Wako wangapi?" aliniuliza.

Sikumwelewa.

"Wengine, Dada. Yule daktari mzee wa maabara amekuwa akijibu hivyo siku zote. Wako wangapi chini ya mstari?"

Nilijidhani nimeshafika chini ya jambo hili, kumbe lilikuwa na ukurasa mwingine. Aliifuta ile rasimu ya lugha nne bila kuihifadhi, akaingia bila ruhusa kwenye mtambo wa maabara, ambako kila ujumbe uliotoka unabaki nakala yake. Akaandika neno "Nyongeza" akabonyeza. Ikashuka orodha ndefu. Vidole vyake vilikuwa vinagonga vitufe viwili kwa mara moja, nikamwambia anipe nisome mimi, yeye ashike kompyuta tu. Baba Pacha alikuwa ameingia, nadhani aliuona mlango wazi. Aliweka kikombe cha chai karibu nami, akamwekea na shemeji yake kingine, akakaa kwenye ncha ya kitanda.

Nyongeza nyingi zilikuwa za kawaida, tahajia ya jina imerekebishwa, umri umekosewa. Nilizisoma kama ninavyosahihisha mitihani, moja baada ya nyingine, hadi mstari wa mwisho. Wa pili, baada yangu mimi, tulimkuta kabla chai yangu haijapoa. Mwanamume, uvimbe wa shingoni. Juu, hakuna saratani. Kisha ngao. Chini ya ngao, aitwe haraka. Ujumbe ulikuwa wa mwezi uliopita, umetumwa zahanati ya upande wa pili wa mji.

"Mwezi uliopita," Baba Pacha alisema. "Huyo bado hajachelewa."

Komeo alipiga namba ya zahanati ile. Iliita sana. Ilipopokelewa alifungua mdomo, akajitambulisha kwa kazi yake, akashindwa kuendelea. Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia mwanamke aliyepokea kwamba mimi ni mwalimu, nikamtajia tarehe, nikamwomba aufungue ule ujumbe wa maabara, apite ngao, ashuke mpaka chini kabisa, na asikate simu.